Kiwanja Kerege kina mteremko na mwembe: nibadilishe kiwanja au nibadilishe ramani?

Mteremko aliandika:

Habari za jioni wadau. Wakubwa shikamooni.

Nina kiwanja Kerege, njia ya Bagamoyo. Upande wa barabara kina mita 25, kuingia ndani mita 32. Barabara iko magharibi, na kutoka hapo ardhi inashuka taratibu kuelekea mashariki. Bahari haionekani ila upepo wake unafika, hasa kuanzia saa nane mchana. Jumamosi tumepima na fundi kwa mpira wa maji: kutoka bikoni ya juu mpaka ya chini tofauti ni sentimita 140.

Nusu ya kaskazini kuna mwembe dodo mkubwa. Shina lake liko kama mita 6 kutoka mpaka wa jirani. Siku tulipokwenda kukiona kiwanja kwa mara ya kwanza, mama yangu aliketi chini yake kwenye shina la mnazi lililoanguka, akavua viatu, akasema, "Hapa ndipo baraza." Hakuuliza bei wala hati. Mama ana matatizo ya magoti na atakaa nasi.

Ramani ninayo tayari, nimeinunua mtandaoni. Vyumba vitatu, paa la kuficha, sebule ina kioo kuanzia sakafuni hadi juu, kimetazama mbele. Mke wangu anaipenda, na mimi pia naipenda, sitaki kuwadanganya. Inachukua mita 17 za upana, yaani ikitazama barabara inaingia mpaka kwenye mwembe.

Fundi anasema tulete katapila, tusawazishe kiwanja chote, tukate mwembe, tujenge ukuta wa kuzuia udongo huku chini, kisha ramani ikae kama ilivyo. Mama amenyamaza tangu aliposikia hivyo. Mama yangu akinyamaza si kwamba amekubali.

Ninachouliza: inawezekana kupata nyumba ya kisasa kweli, yenye sura ya sasa, ikakubali mteremko na mwembe? Au nitaishia na nyumba ya kubahatisha? Naombeni ushauri wa watu waliojenga, picha za mitandaoni nimeshaziona za kutosha.

FundiNondo alijibu:

Ndugu, mimi ni mwashi, mwaka wa 19 huu nipo saiti. Fundi wako hakushauri hivyo kwa ubaya. Kiwanja kilichosawazishwa kinatupa jamvi moja, kamba zinavutwa mara moja, kazi inakwenda haraka, na mteja akipita anaona nyumba inapanda. Ndiyo maana wengi tunalisema hilo kwanza.

Ila nikwambie ya upande wa pili. Ukichimba juu ukajaza chini, nusu ya nyumba itakaa kwenye ardhi iliyolala hapo tangu enzi na nusu itakaa kwenye kifusi cha mwezi jana. Kifusi kisiposhindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 20 kila tabaka na maji yake, lazima kitatitia. Masika ya kwanza inapita salama. Ya pili jamvi linapasuka mstari mmoja kuanzia jikoni hadi korido, na hakuna ripu inayouziba mstari huo. Nimeitwa kurekebisha nyumba za namna hiyo, na kitu ninachoweza kufanya huwa ni kidogo mno.

Na ukuta wa kuzuia udongo si ukuta wa fensi. Nimeona fensi ya tofali ya inchi 6 imelala chali kwa sababu maji ya mtaa mzima yalikuwa yanashuka na kukutana nayo, na hakuna aliyeiachia matundu ya kupitisha maji. Kilichoisukuma ni maji yaliyosimama nyuma yake. Udongo ulifuata tu.

Mteremko wa sentimita 140 kwa mita 32 ni mdogo, hautishi. Msingi unachimbwa kwa ngazi: chini ya kila kipande cha ukuta mtaro unalala sawa, ukifika mahali unashuka, unalala sawa tena. Usikubali mtu amwage zege la msingi likifuata mteremko. Tofali zako zitakuwa zinasimama mlimani.

Kuhusu mwembe sina la kusema, hayo ni mambo ya mama.

Bi Kipenyo alijibu:

Mdogo wangu Mteremko, nimeisoma mada yako mara mbili, nikaamua kuandika marefu kwa sababu wewe bado hujamwaga zege. Mimi nachora ramani. Lakini kabla ya kuzichora nilijenga nyumba yangu ya kwanza Goba mwaka 2014, kwa ramani niliyoinunua kwa kupenda picha yake ya mbele. Nimeishi ndani ya kosa hilo miaka sita.

Kioo changu kikubwa kilitazama magharibi kama chako kitakavyotazama. Saa kumi jioni jua liliingia moja kwa moja sebuleni hadi kwenye ukuta wa nyuma. Vigae vilipata moto ukivikanyaga pekupeku. Kochi lilififia upande mmoja, upande wa pili likabaki na rangi yake ya dukani. Mwezi wa tatu nikanunua pazia zito la rangi ya kahawa, na tangu siku hiyo kioo kile hakikuonyesha kitu chochote. Nililipia kioo, nikalipia pazia la kukifunika, kisha nikalipia umeme wa kiyoyozi cha kupambana na joto lililokuwa limeshaingia.

Paa la kuficha nalo. Lile paa lina bati kama mapaa mengine, limezungushiwa ukuta tu, na maji yake yanaingia kwenye mfereji ulio ndani ya ukuta huo. Siku moja ya masika nilikuta gypsum ya chumbani imeanguka juu ya kitanda, imelowa kama uji. Fundi alipopanda juu akakuta tundu la kutolea maji limezibwa na majani na mpira wa makaratasi wa watoto wa jirani. Goba nilikuwa na mti mmoja, tena mdogo. Wewe una mwembe dodo. Mwembe unapukutisha majani mwaka mzima, na msimu wa maua unamwaga maua kama chenga. Mwembe na paa la kuficha havikai pamoja. Huo ndio uamuzi wako wa kwanza, na nadhani mama ameshakuamulia.

Sasa tuongee kuhusu kiwanja chako, maana umekieleza vizuri kuliko wateja wangu wengi.

Anza na jua. Kerege iko kama nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta. Maana yake jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa sita linakuwa kaskazini mwako, limeinama kama nyuzi 30 kutoka utosini. Mwezi wa kumi na mbili linakuwa kusini, limeinama nyuzi 17 hivi tu. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba linapita utosini kabisa, mti unasimama juu ya kivuli chake. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini unazikinga kwa upenu tu. Ikiwa kutoka usawa wa upenu hadi kizingiti cha chini cha dirisha kuna mita 1.8, upenu wa mita 1.05 upande wa kaskazini na sentimita 60 upande wa kusini unakinga dirisha zima jua la adhuhuri. Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa karatasi na kipimapembe cha mwanafunzi.

Mashariki na magharibi upenu hausaidii, jua linakuja likiwa chini, linakutazama usoni. Huko unaweka ukuta wenye madirisha machache, au baraza pana, au miti.

Upepo sasa. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali. Kusi inavuma kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba, inatoka kusini na kusini mashariki. Angalia bahati uliyonayo: pepo zote mbili zinakuja upande wako wa chini na ubavuni, hakuna inayotoka barabarani. Na kaskazi, kabla haijafika kwako, inapita chini ya mwembe. Hewa iliyopita chini ya mwembe mkubwa utaihisi kwa ngozi. Fundi akiukata, kiyoyozi utakachokinunua hakitaufikia.

Kwa hiyo mimi ningeigeuza nyumba. Usiilaze kufuata barabara. Ilaze kuingia ndani, kutoka magharibi kwenda mashariki, nyembamba, upana mita 8 na nusu hivi, urefu mita 18. Iegeshe upande wa kusini ukiacha mita 4 kwenye mpaka, kwa sababu jirani wa kusini siku moja atajenga na upepo wa kusi utahitaji pa kupita. Uwanja wote wa kaskazini unabaki wa mwembe. Kutoka shinani hadi ukuta wako unapata mita 6 na ushee. Milango ya sebule inafunguka huko, kwenye baraza ndefu. Kioo kikubwa mnachokipenda wewe na mkeo hamkipotezi, kinahamia kaskazini, chini ya upenu wa mita moja na zaidi, kikitazama mwembe. Pazia hutalihitaji mchana.

Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la jioni, weka vitu visivyoumia: vyoo, stoo, jiko. Jiko likikaa huko moshi na harufu ya kukaanga samaki vinaondoka na upepo kuelekea barabarani, havipiti vyumbani.

Mteremko: kwa mita 18 za nyumba ardhi inashuka karibu sentimita 80. Nyumba inaweza kushuka nayo kwa ngazi 4 za sentimita 15, tofauti ndogo inayobaki inamezwa na msingi. Najua utaniuliza kuhusu magoti ya mama. Chumba chake, choo chake, sebule, jiko na baraza vyote vinakaa usawa wa juu, hakanyagi ngazi hata moja kutoka getini hadi kitandani. Ngazi nne zinashuka kwenda vyumba vyenu ninyi wenye magoti. Na kwa kuwa paa linaendelea usawa uleule juu, dari ya huko chini inakuwa ndefu zaidi kwa sentimita 60. Mkeo atapata ule ukubwa wa chumba unaopendeza kwenye picha.

Madirisha. Yale ya alumini ya kuslaidi yanafunguka nusu tu, futi 5 unalipia, futi 2 na nusu ndizo zinazopitisha hewa. Tafuta ya kufunguka kama mlango, au luva, na kila chumba kiwe na pa kuingilia hewa na pa kutokea. Juu ya milango ya ndani acha matundu. Wale waliojenga maghorofa ya zamani Upanga walitumia matofali ya matundu kwenye ngazi na korido, na mpaka leo ukipita pale mchana unahisi tofauti.

Na bati. Joto la bati linashuka darini, linakaa hapo usiku kucha. Kuna shule moja ya msingi kijiji cha Gando, Burkina Faso, ilikamilika mwaka 2001, ilichorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho. Aliliinua bati juu mbali na dari kwa kenchi alizochomelea kwa nondo za kawaida, hewa ya moto inapita katikati na kwenda zake. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika kazi yetu. Mimi simwambii mteja ajenge shule ya Gando. Namwambia aache nafasi chini ya upenu na chini ya kofia ya paa, aweke wavu mgumu, kwa sababu ukiacha bila wavu popo watahamia, na popo ukishawaruhusu kuwatoa ni kazi nyingine.

Kisasa si lazima kiwe mbali. Hapo Kariakoo, soko la miaka ya 1970 lililochorwa na Beda Amuli lina paa la miavuli ya zege. Mvua haikunyeshei, jua halikuchomi, na hewa inapita. Aliyelichora alikuwa anajua jua la Dar es Salaam na wingi wa watu watakaoingia pale. Ni jengo la kisasa kwa kila kipimo na halikutolewa kwenye katalogi ya nchi nyingine.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, mimi ama mwingine, nenda kiwanjani ukae siku nzima. Beba mambo, yaani vigingi, na kamba na daftari. Kisha nenda tena siku mvua inanyesha.

Mwana wa Amu alijibu:

Salaam aleikum jamaa. Mimi ni wa Lamu, sasa niko Mombasa kwa kazi. Bi Kipenyo amesema maneno yamenirudisha nyumbani.

Nimelelewa kwenye nyumba ya mawe ya zamani mtaani kwetu. Kuta za matumbawe na chokaa, unene wake mkono wangu wa utotoni haukufika upande wa pili wa dirisha. Nusu mita hivi. Ukitoka nje kwenye jua la mchana ukaingia dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, unaketi kwenye baraza la jiwe, unapoa kwanza. Ndipo unaingia tekani, kiukumbi cha ndani, unageuka, ndipo unaona kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Vyumba vimetazama kiwanda, si mtaa. Hewa ya moto inapanda na kutoka, mwanga unashuka, na mpita njia haoni kitu. Vyumba vyenyewe virefu na vyembamba, mita 2 na nusu hadi 3, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na boriti haifiki zaidi ya hapo. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba wembamba ule ndio uliofanya kila chumba kipate hewa.

Ninachokuomba, ndugu yangu: watu wengi wakitaka nyumba ya Kiswahili siku hizi wananunua mlango wa nakshi wanaupachika kwenye sanduku la joto. Mlango ni mzuri, Mungu ambariki aliyeuchonga, lakini chukua na mpangilio. Chukua daka. Mtu wa kuja kwako apate kivuli na pa kuketi kabla ya kuingia, na mama yako apate pa kumsalimia mgeni asiyetaka kuingia ndani.

Jambo lingine la watu wa bahari: mchanga wa ufukweni usiutie kwenye zege hata ukipewa bure. Chumvi yake inakula nondo kwa ndani, na siku utakayoona zege limetoa ganda, nondo imeshavimba kutu. Hata misumari na bawaba, nunua zile zilizopakwa zinki. Hapo ulipo upepo unabeba chumvi japo bahari huioni.

Baridi ya Njombe alijibu:

Naongezea kidogo kwa wanaosoma wakiwa nyanda za juu, msije mkachukua mambo ya Kerege mkayaleta huku. Njombe mwezi wa sita na wa saba tunatafuta jua, hatulikimbii. Jua la adhuhuri wakati huo liko kaskazini, kwa hiyo sebule yangu nimeiweka kaskazini na upenu mfupi, jua linaingia mpaka miguuni. Vyoo na stoo nimevipeleka kusini kunakotoka upepo wa baridi. Nyumba ya jirani yangu ni ramani ileile ya Dar: baraza refu kaskazini, vyumba gizani, mkaa unawaka saa nane mchana. Mara mbili nimemshauri apunguze lile baraza, na sasa anafikiria kuweka bati la kupitisha mwanga.

Mteremko aliandika:

Wakubwa zangu, nimerudi. Dada Bi Kipenyo, shikamoo, na asante sana kwa muda wako. FundiNondo na Mwana wa Amu, asanteni. Nimefanya kama nilivyoambiwa: Jumapili nilikaa kiwanjani kuanzia saa moja asubuhi hadi giza lilipoingia. Mama alikuja, tukabeba mkeka, chai na daftari.

Niliyoyaona. Saa tatu asubuhi kivuli cha mwembe kilikuwa kimelala magharibi yake, pale ambapo ramani yangu ilikuwa inaweka karakana ya gari. Adhuhuri kivuli kilikuwa chini yake na kidogo kuelekea kusini, yaani kuelekea nyumba itakapokuwa. Saa kumi nilisimama mahali kioo kilipotakiwa kuwa nikatazama barabarani. Sikuweza kuyafumbua macho. Nilifunga leso kwenye kijiti nione upepo: asubuhi ulilegea, kuanzia saa saba na nusu ukawa unaelekeza leso barabarani, haukubadilika tena mpaka jua lilipozama.

Jumanne mvua ikanyesha, niliomba ruhusa kazini nikaenda. Maji ya barabarani yanaingia kwangu kupitia kona ya kaskazini magharibi, yanazunguka mizizi ya mwembe, yanatoka katikati ya mpaka wa chini. Yamejichimbia njia yake, upana wa hatua moja. Ile njia ndipo katapila lingefukia. Nimepigilia mambo kila baada ya mita mbili kuifuata, na nikaipiga picha.

Nimepiga pia hesabu ya paa. Likiwa na mita za mraba 160, mvua ya milimita 40 inanipa lita 6,400 kwa siku moja. Bomba letu linatoka siku mbili kwa wiki, kwa hiyo gata na tangi vinaingia kwenye bajeti kabla ya gypsum.

Mke wangu nilimchorea kwa kijiti mchangani, urefu wa nyumba, baraza, kioo kikitazama mwembe. Alitembea ndani ya mistari kama anaingia vyumbani. Akasimama kwenye chumba chetu cha chini akauliza dirisha la mashariki litakuwa wapi, anataka kuona pakikucha. Hapo nikajua ramani ya mtandaoni tumeiacha.

Swali langu moja limebaki. Nilikuwa nimepanga shimo la majitaka liwe chini kabisa, mashariki, kwa sababu maji yanashuka yenyewe. Lakini jirani wa chini ana kisima, nilipima hatua nikapata kama mita 6 kutoka mpaka wetu. Kisima kile kinanywewa na nyumba nne. Nifanyeje?

Bi Kipenyo alijibu:

Marahaba mdogo wangu. Kazi uliyoifanya kwa siku mbili ni ile wateja wengi wananiomba niibuni nikiwa ofisini.

Shimo lisikae chini kabisa. Likae angalau mita 30 kutoka kisima. Ukiliweka upande wa barabara, mita 3 ndani ya mpaka wako wa magharibi, unabakiwa na mita 29 za kiwanja na 6 za jirani, jumla 35. Vyoo vyote vya juu viko magharibi tayari, kwa hiyo bomba ni fupi. Lipe mwinamo wa sentimita 2 na nusu kila mita, mita tano hazikupotezei hata kozi moja ya tofali. Gari la kunyonya nalo linasimama barabarani, haliingii kuharibu uwanja wa mwembe.

Kuna gharama moja: choo cha chumba chenu cha chini hakiwezi kupandisha uchafu kwa ngazi nne. Ama mkubali choo chenu kiwe juu ya zile ngazi, mkipanda hatua nne usiku, ama sakafu ya shimo izame zaidi. Mimi ningechagua ngazi. Maji ya kuoga peke yake yanaweza kwenda kwenye migomba upande wa kusini.

Ile njia ya maji usiizibe hata kwa kitanda cha maua. Itandike mawe, na pale inapotokea kwa jirani ongea naye kabla ya kuweka fensi, muache tundu pana mnalolikubali wote wawili.

FundiNondo alijibu:

Choo juu ya ngazi, naunga mkono. Kushusha shimo zaidi ni maji ya kuvuta na mbao za kuegemeza udongo usikuangukie.

Kama huyo fundi wako yuko tayari kuchimba kwa ngazi, mpe yeye kazi, usimwache kwa sababu alisema neno la kwanza vibaya. Mwambie aje na kamba mbili ndefu, za mita 30, na aanzie kupima kona ya kusini magharibi. Na kabla ya mchanga na kokoto kuingia, zungushia mwembe mambo na utepe mita 4 kutoka shinani. Malori yakipita hapo yatauua taratibu kwa kushindilia mizizi, na utakauka mkiwa mmeshahamia.

Mteremko aliandika:

Fundi amekubali. Tunaanza kupima Jumamosi saa moja. Mama ameshatuma mtu anunue utepe.